Waini nyekundu ya Zinfandel ya mizabibu mikongwe: mwongozo kamili ili isikukwamie katikati

Kila mwaka ikifika katikati ya Oktoba simu zinaanza, na lalamiko ni lilelile, "waini yangu imeacha kuchemka ila bado tamu," yaani hamira imekwama kabla ya kumaliza kugeuza sukari kuwa pombe. Mtu kanunua zabibu nzuri kabisa kule Lodi, California, kafuata maelekezo ya kwenye paketi ya hamira neno kwa neno, mwisho wa siku ana lita 60 za kitu kitamu, kinachochoma koo kwa pombe, na kufika Krismasi kimeanza kunuka siki.

Karibu kila mara kosa ni lilelile. Alipima sukari siku alipoponda zabibu, akaamini namba, akaweka hamira jioni hiyohiyo. Zinfandel, aina hii ya zabibu, hasa ya mizabibu mizee, siku ya kwanza inadanganya. Hatua ya 3 ndo moyo wa mwongozo huu, ukiwa huna muda soma hiyo kwanza.

Nimepiga hesabu kwa kilo 100 za zabibu, ambazo zinatoa waini kama lita 60, na nachukulia uko California au karibu ambako zabibu hizi zinapatikana. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inaruhusu mtu mzima mmoja kutengeneza galoni 100 kwa mwaka, nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200, kwa matumizi ya nyumbani tu. Kuuza hapana, hata chupa moja kwa jirani.

Vitu vya kuwa navyo kabla zabibu hazijafika

Naandika kabla kwa sababu zabibu zikishafika gereji hazisubiri uende dukani.

- Pipa la plastiki la chakula la lita 120. Rojo, yaani zabibu zilizopondwa pamoja na juisi yake, la kilo 100 ni kama lita 90, na lazima robo ya pipa ibaki wazi maana maganda yatapanda juu.
- Madumu ya kioo: mawili ya lita 23, moja la lita 11, na vijagi kadhaa vya galoni moja, vyote na vifuniko vya kutolea hewa.
- Haidromita na rifraktomita, vyote vya kupimia sukari. Kama pesa ni ya kimoja, chukua haidromita.
- Kipima pH cha kuaminika (pH ni kipimo cha asidi, namba ikiwa chini asidi ni kali zaidi), kipimajoto kirefu, mizani inayopima gramu moja.
- Metabaisalfaiti ya potasiamu (hii ndo salfa ya waini), asidi ya tatariki.
- Hamira ya waini gramu 25 hadi 30, inayovumilia pombe asilimia 16 na kuendelea. D254 na D80 zinafika 16, EC-1118 inafika 18 ila haikupi ladha ya ziada. Hamira ya mkate sahau kabisa.
- Go-Ferm gramu 35, Fermaid O gramu 15, Fermaid K gramu 15. Hiki ndo chakula cha hamira.
- Bakteria wa kugeuza asidi ya maliki, aina inayovumilia pombe nyingi kama VP41.
- Mashine ya kuponda inayotoa vikonyo, na ya kukamua. Usinunue, maduka ya vifaa vya waini yanakodisha kwa siku.
- Mpira wa kuhamishia waini, ndoo, chujio, na chupa za maji zilizogandishwa kwenye friza, nyingi kadiri unavyoweza.

Hatua ya 1: Kununua zabibu

Marekani hakuna sheria inayosema mzabibu uwe na miaka mingapi ndo uitwe mkongwe, kwa hiyo maneno ya muuzaji peke yake hayatoshi. Uliza mwaka uliopandwa. Miaka 50 ndo kipimo ambacho wengi wanakubaliana nacho, na Lodi, Amador, Contra Costa na Sonoma kuna mashamba yaliyopita 100. Ukifika shambani utajua: hakuna waya wala nguzo, kila mzabibu umesimama peke yake, shina nene limejipinda, matawi yanaanzia juu na kufunguka pande zote. Lodi na Oakley (iko Contra Costa) udongo ni wa mchanga, mdudu filoksera anayeua mizizi hapendi mchanga, ndo maana mingine bado imesimama kwa mizizi yake yenyewe.

Sasa shika kichala kimoja uangalie kwa karibu. Utaona punje nyeusi zilizoiva vizuri, pembeni yake punje ya pinki bado ngumu, na chini yake punje zilizonyauka hadi kuwa zabibu kavu. Zote kwenye kichala kimoja! Hiyo ndo tabia ya Zinfandel na wala si dalili ya shamba baya. Ila kama nusu ya kichala imekauka, hapo mkulima kachelewa kuvuna na wewe ndo utalipia.

Angalia pia katikati ya kichala. Vichala vya Zinfandel vimebanana, mvua ikinyesha vinaoza kuanzia ndani huku nje vinang'aa. Pasua viwili vitatu, nusa. Harufu ya siki, acha.

Mashamba ya zamani mara nyingi yamechanganywa na zabibu nyingine kama Petite Sirah, Carignane au Alicante Bouschet, mizabibu imepandwa pamoja toka mwanzo. Ukiambiwa asilimia 10 ni Petite Sirah shukuru, itakupa rangi na ukakasi ambao Zinfandel peke yake huwa inapungukiwa. Lodi mavuno ni kuanzia mwisho wa Agosti na Septemba, mwinuko na pwani wanachelewa kidogo. Weka oda mapema, huku ni mavuno mara moja kwa mwaka, si mara mbili kama Dodoma, ukikosa ndo hadi mwakani.

Hatua ya 2: Kuchambua na kuponda

Osha vifaa vyote, afu suuza kwa maji yenye metabaisalfaiti. Fanya hivyo sehemu yenye upepo, ule mvuke unabana kifua, mwenye pumu asikae karibu.

Mwaga zabibu mezani kreti kwa kreti. Toa zilizooza, majani, buibui, na vile vichala vidogo vya kijani, hayo ni mavuno ya pili ya mzabibu na asidi yake ni kali. Zilizokauka kidogo acha, zina ladha nzuri ya jamu. Zikizidi punguza.

Ponda taratibu. Lengo ni punje ipasuke, mbegu isivunjike, mbegu ikivunjika inatoa uchungu ambao hautoki tena. Toa vikonyo. Sisisitizi sana hapa, mashine inafanya yenyewe.

Nyunyiza metabaisalfaiti gramu 5 iliyoyeyushwa kwenye maji kidogo, koroga rojo lote. Inatuliza vijidudu vya porini ili hamira yako ndo itawale. Kama uliona uozo mwingi ongeza gramu 2.

Hatua ya 3: Kuloweka, na hapa ndo wengi wanaanguka

Ukipima juisi saa hii unapima juisi ya punje zilizopasuka tu. Zile zilizokauka zimeshika sukari yake ndani, zimejikunja, hazijaachia kitu. Zikikaa kwenye juisi siku moja mbili zinafyonza maji, zinavimba, ndo zinaachia. Unaweza kupima briksi (kipimo cha sukari kwenye juisi) 24.5 Jumamosi mchana na Jumatatu asubuhi ukakuta 27, na hakuna aliyeongeza chochote.

Maana yake kwenye chupa ni hii: briksi zidisha kwa 0.6 unapata makadirio ya pombe. 24.5 ni kama asilimia 14.7, hamira nyingi zinafika hapo bila shida. 27 ni 16.2, na 28.5 ni zaidi ya 17. Hamira inayovumilia 16 itakufa na sukari imebaki, na wewe unashangaa kwanini wakati vipimo vyako vilikuwa vizuri. Vilikuwa vizuri kwa juisi uliyopima, si kwa pipa zima.

Kwa hiyo usiweke hamira. Fanya hivi:

Zamisha chupa za barafu zilizofungwa ndani ya rojo, joto lishuke kwenye nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi (joto lote humu ni Selsiasi). Badilisha chupa asubuhi na jioni. Baridi inazuia lisianze kuchachuka lenyewe.

Koroga mara mbili kwa siku hadi chini kabisa, na ukiingiza mkono safi minya zile punje kavu unazokutana nazo. Zikiwa bado ngumu kama za kwenye keki, bado.

Baada ya saa 24 pima. Usichote juu tu. Chota kikombe juu, katikati, chini, pamoja na maganda yake, minya vyote kwa nguvu kwenye chujio, changanya, ndo upime. Pima tena saa 48.

Umefanikiwa pale ambapo vipimo viwili vilivyopishana nusu siku vinalingana na punje kavu zikiminywa zinatoka laini. Hiyo ndo briksi yako ya kweli. Ikianza kutoa povu kabla, sawa, pima haraka uendelee na hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Maji na asidi

Kuna watu wakisikia kuweka maji kwenye waini wanakasirika. Jamani, hata viwanda vya California vinaruhusiwa kuongeza maji ili uchachushaji usikwame, na Zinfandel ndo sababu kubwa mojawapo. Unarudisha maji ambayo jua lilikausha punje zikiwa bado mtini.

Kanuni: lita za juisi, zidisha kwa (briksi ya sasa toa briksi unayotaka), gawanya kwa briksi unayotaka. Kilo 100 hesabu juisi lita 60. Ukikuta 27.5 na unataka 25:

60 × 2.5 ÷ 25 = lita 6.

Tumia maji yasiyo na klorini, ya chupa ni sawa, ya bomba hapana, klorini inaweza kuleta harufu ya ukungu. Na yasiende matupu, kila lita yeyushia gramu 6 za asidi ya tatariki, la sivyo unapunguza asidi pamoja na sukari na waini inakuwa bapa mdomoni.

Mimi napenda 25 hadi 25.5. Ukishusha hadi 23 umeua kitu chenyewe, Zinfandel ya mizabibu mikongwe bila mwili wake mzito si ya kuhangaikia.

Koroga, subiri saa moja, pima pH. Unatafuta 3.5 hadi 3.6. Ikiwa juu, gramu 1 ya tatariki kwa lita inashusha kama 0.1, yaani gramu 60 kwa pipa lako. Weka nusu, koroga, pima tena, maana kila shamba lina tabia yake. pH ikiachwa 3.8 bakteria wabaya wanasherehekea na salfa inakuwa dhaifu.

Hatua ya 5: Kuamsha hamira

Toa chupa za barafu, acha rojo lipande hadi 18 au 20.

Maji ml 700 ya joto 43, koroga Go-Ferm yote. Yakishuka hadi 40 nyunyiza hamira, usikoroge kwa fujo, acha dakika 20. Itavimba na kutoa povu. Isipovimba imekufa, nunua nyingine, usijipe moyo.

Sasa ongeza juisi ya pipa kikombe kimoja, subiri dakika 10, kingine, hadi tofauti ya joto kati ya hamira na rojo iwe chini ya nyuzi 10. Hamira ikirushwa toka kwenye joto hadi kwenye baridi ghafla inaumia, na iliyoumia mwanzoni ndo inayokuangusha mwishoni pombe ikipanda. Mimina kwenye pipa, funika kwa kitambaa safi, vinzi vya matunda viko njiani, na ndivyo vinavyobeba bakteria wa siki.

Hatua ya 6: Siku za kuchemka

Ndani ya saa 24 hadi 48 utasikia mlio mdogo wa kuchachuka na maganda yatapanda juu yawe tabaka gumu. Yasukume chini mara 3 kwa siku, hadi yalowe yote. Rangi na ukakasi viko kwenye maganda, na maganda yakikaa juu makavu yanageuka siki.

Onyo kabla sijasahau: kaboni dayoksaidi inatoka nyingi, ni nzito, inakaa chini, haina harufu. Fungua mlango wa gereji kabla ya kuingia na usiinamishe kichwa ndani ya pipa. Watoto na mbwa mbali.

Joto pima ndani ya tabaka la maganda, sio kwenye juisi chini, kwa sababu juu ni moto zaidi. Lenga 26 hadi 29. Likigusa 32 rudisha chupa za barafu na ukoroge. Zaidi ya 35 hamira inakufa, na hiyo ni sababu ya pili ya waini kukwama.

Chakula: Fermaid O siku moja baada ya kuanza kuchemka, Fermaid K sukari ikishuka theluthi, yaani toka 25 hadi kama 17. Baada ya nusu usiweke tena, hamira haiwezi kukitumia vizuri na kitabaki kulisha bakteria. Ukisikia harufu ya yai viza hamira ina njaa au inakosa hewa, koroga kwa nguvu hewa iingie, na kama bado hujafika nusu mpe chakula.

Toka hapa rifraktomita weka kabatini, pombe inaiharibia usomaji. Haidromita asubuhi na jioni, andika ukutani kwa chaki namba na joto. Ukishuka briksi 3 hadi 5 kwa siku katikati ya safari uko vizuri. Mwishoni inapunguza mwendo, kawaida, ila isisimame.

Hatua ya 7: Kukamua

Haidromita ikisoma 0 au chini kidogo, kawaida siku ya 7 hadi 10, kamua. Wapo wanaosubiri wiki tatu, kwa Zinfandel ya nyumbani sioni faida, maganda yanaacha kupanda na waini inabaki wazi kwa hewa.

Kwanza toa inayotiririka yenyewe, afu kamua taratibu. Onja kadiri unavyokaza mashine, ikianza kukausha ulimi kama ndizi mbichi, acha. Inayotoka mwisho iweke jagi lake.

Jaza madumu ukiacha nafasi kidogo ya povu, funga vifuniko vya hewa, weka sehemu yenye joto 20 hadi 22. Baada ya siku moja au mbili hamisha uache tope zito chini. Sukari ikiisha haidromita itasoma chini ya 0, kama -1 hadi -1.5. Hakikisha kwa vidonge vya kupimia sukari, unataka chini ya gramu 2 kwa lita. Haidromita peke yake haitoshi maana pombe nyingi inaificha sukari kidogo iliyobaki.

Hatua ya 8: Kugeuza asidi ya maliki

Sukari ikiisha kabisa, na si kabla, weka bakteria. Wakikuta sukari wanaweza kuigeuza siki. Kazi yao ni kubadili asidi ya maliki, ile kali ya tofaa bichi, iwe ya laktiki ambayo ni laini. Usiweke salfa sasa hivi, itawaua.

Joto libaki 20 na kuendelea, koroga mashapo taratibu mara moja kwa wiki. Wiki 4 hadi 8. Kwenye waini yenye pombe 15 wanachelewa, vumilia. Thibitisha kwa kipimo cha karatasi ya kromatografia, doa la maliki likipotea imekwisha. Usibahatishe kwa kuonja, ikija kuanza ndani ya chupa itakuwa na gesi na harufu.

Hatua ya 9: Kutunza

Siku hiyohiyo doa likipotea weka metabaisalfaiti gramu 5 kwa lita 60, hamisha kwenye madumu safi, jaza hadi shingoni. Nafasi tupu ndo adui sasa, kama haitoshi jazia Zinfandel ya dukani iliyo nzuri.

Vipande vya mwaloni vilivyokaangwa kiasi, gramu 60 kwa dumu la lita 23, miezi miwili au mitatu, onja kila wiki mbili baada ya wiki ya sita. Zinfandel ina tunda la kutosha, ukizidisha mwaloni unakunywa mbao.

Hamisha kila miezi mitatu, kila mara gramu 2 za metabaisalfaiti kwa lita 60, pima salfa huru ibaki miligramu 30 hadi 40 kwa lita. Sehemu ya giza, joto 13 hadi 18.

Hatua ya 10: Chupa

Julai au Agosti, kabla ya mavuno mapya kuhitaji madumu. Waini iwe angavu, haina gesi, sukari chini ya gramu 2. Lita 23 ni chupa 30. Ziba, ziache wima siku 3, afu zilaze. Miezi mitatu ya kwanza ladha inavurugika kidogo, ni kawaida. Inanyweka vizuri miaka 3 hadi 5, na usiinywe ya moto, 16 hadi 18 pombe inatulia na tunda linatokea. Nyama choma inaipenda sana hii.

Na kama imekwama

Namba haijasogea saa 48 na iko juu ya 0. Kwanza joto, pandisha hadi 22 au 24 na ukoroge mashapo. Mara nyingi hii inatosha.

Isipoamka, usimwage hamira kavu juu, pombe itaiua dakika hiyohiyo. Hamisha waini kwenye dumu safi, weka maganda ya hamira (poda inayouzwa kama yeast hulls) gramu 15 kwa lita 60, subiri siku moja au mbili, hamisha tena. Pembeni amsha EC-1118 gramu 25 kama Hatua ya 5, iweke kwenye mchanganyiko wa waini lita 1.5, maji lita 1.5 na sukari gramu 150, joto 24. Sukari ya humo ikishuka nusu ongeza waini lita 3, ikishuka tena lita 6, kisha 12, ndo umalizie yote. Inachukua zaidi ya wiki, hamira inazoeshwa pombe kidogokidogo.

Ikigoma hata hapo, weka salfa, onja, na kama ni safi iweke kwenye madumu kwenye friji uinywe hivyo tamu au uchanganye na waini kavu kwenye glasi. Kwenye chupa usiiweke, ikija kuamka joto la Juni vizibo vitaruka na glasi itapasuka kabatini.